Mugozi Wenye Kitambaa cha Buluu

Tarehe 17 mwezi wa kumi, 2003, Ijumaa. Mvua ilianza alfajiri, ile ya kushikana isiyo na radi, na ukungu ukafunika ziwa lote hata mgeni angedhani kule chini hakuna kitu. Saa sita ilikatika, lakini udongo wa mtelemko wetu hapa Cimpunda ulibaki unateleza kama sabuni. Naanza na mvua kwa sababu juu ya mvua sina wasiwasi. Juu ya mengine ya leo najiuliza mara mbili mbili kama niliona vizuri, na kama kuona kwangu kunatosha.

Leo shemeji alikuja kutuomba yaya afe.

Hapana, hiyo si haki, niandike upya. Shemeji, mume wa yaya, yaani dada yangu mkubwa, alikuja na bidoni, dumu zima la kasiksi, kutuomba tushuhudie mbele ya padri kwamba yaya amekwisha kufa. Yaya alipotea mwaka wa pili wa vita hivi na hakuna aliyeona maiti yake. Sasa shemeji ana mwanamke mwingine nyumbani, mwenye mimba, na anataka kufunga naye ndoa ya kanisa. Padri amekataa mpaka watu wawili wa familia ya yaya waseme kwa midomo yao kwamba alikufa kwenye barabara ya Bunyakiri. Hao wawili ni mama na mimi. Baba aliondoka na ugonjwa wa kifua kabla ya haya yote, ndiyo maana siku za wageni kiti chake anakikalia baba mdogo, ndugu yake.

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Kwetu Bushi, mwanamke aliyepigwa akikimbilia kwa wazazi, mume anamfuata nayo. Mkubwa wa familia anasikiliza, anauliza, anakemea, na akikubali anakunywa kilauri cha kwanza. Kikishuka kooni, maneno yamekwisha. Mwanamke anafunga vitu vyake anarudi, na hakuna ruhusa ya kuyafufua yale maneno kesho. Hata pombe yenyewe inapita kwanza jikoni, wanawake wanaichuja, ndipo inaingia saloni, chumba cha wageni.

Baba mdogo alikwisha kunywa mara mbili juu ya yaya.

Niseme yaya alikuwa nani, maana naona nimeandika pombe kuliko yeye. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene ya mbebaji, na kicheko kilichotangulia kufika kuliko miguu yake. Alifanya biashara ya mawese. Yeye na wenzake walikuwa wanakwenda Bunyakiri kwa lori, na lori likikataa au barabara ikifungwa wanatembea, wanarudi na bidoni za mafuta mgongoni, mugozi kwenye paji la uso. Mugozi ni ule mkanda wa kubebea. Unapita chini ya mzigo na kukaa kwenye paji, na kichwa ndicho kinachovuta. Alikuwa akirudi, kabla hajaanza kupanda mtelemko wetu, anaita toka kule chini kwenye bomba la maji: “Muko?” Sisi tunajibu: “Tuko!” Halafu anapanda polepole, na kabla ya salamu unasikia harufu ya mawese. Mpaka leo nikipita sokoni Kadutu kwa wauza mawese naongeza mwendo. Au napunguza, inategemea siku.

Shemeji naye nimwandike kwa haki. Ni fundi wa redio, mtu wa mikono mizuri. Siku ambayo watu walikuwa wanapigana mjini na hakuna gari lililothubutu kutoka, yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni mpaka hospitali. Sisahau hilo. Hakuwa mlevi. Alikuwa anamchekesha mama hata mama anashika ubavu. Lakini alipiga. Yaya aliniambia kwamba akikasirika hapazi sauti; anafunga mlango kwanza, kisha anaongeza redio. Mimi sikuwepo, naandika alichoniambia. Majirani zao, tulipowauliza, walisema walikuwa wanasikia redio tu.

Mara ya kwanza yaya alikuja kwetu na mdomo umevimba. Mara ya pili alikuja na kidonda juu ya nyusi, kifuniko cha sufuria kilimpata pale. Alikaa nasi mpaka kikaanza kufunga, na kila jioni alikuwa anatoka nje kuangalia ng'ambo ya bonde, upande wa nyumba yake, kwa sababu mtoto wake alikuwa kule. Shemeji alipokuja na kasiksi yake mama hakutoka chumbani. Baba mdogo alikemea sana, nilimsikia. Kisha akanywa. Sina haki ya kumlaumu. Yaya mwenyewe alimtumia neno kwamba akubali. Alitaka mtoto wake.

Kabla hajarudi alijaribu mugozi wake akalia. Kamba ilikaa sawasawa juu ya kidonda. Nikachukua sketi yangu ya shule, ile ya buluu. Shule ilikuwa imefungwa na vita vya kwanza, na ilipofunguliwa mimi nilikuwa nimekwisha kuwa muuza makala, makaa ya kupikia, kwa hiyo sketi haikuwa na kazi tena. Nikakata kipande, nikakikunja mara tatu, nikakishonea kwenye mugozi pale panapokaa paji. Uzi wa buluu uliisha katikati, nikamalizia na mwekundu. Yaya akauvaa bila mzigo, akatembea nao uani kama bibi arusi.

“Ona miye,” akasema, “nimerudia shule!”

Tangu siku hiyo hakubeba na mwingine. Hilo ninalijua. Au niseme, ninajua kwamba mimi sikumwona kubeba na mwingine.

Alipotea miezi michache baadaye. Shemeji alifika kwetu asubuhi na mtoto mkononi, macho mekundu, akasema yaya alitoka kwenda Bunyakiri na siku ya kurudi imepita. Mama akamuuliza aliondoka namna gani. Akasema: “Alifunga mugozi yake kwa kiuno, akaniambia atarudia siku ya soko.” Maneno hayo tuliyasikia wote. Tulikwenda kwa wenzake wa mawese. Wakasema walimngojea pale malori yanapopakia, hakuja, wakafikiri ametangulia na kundi la jana yake. Na kundi la jana yake lilipigwa njiani, ndani ya msitu. Waliorudi wengine walirudi bila akili za kusimulia. Mmoja alisema labda alimwona yaya. Tulipomuuliza alivaa kikwembe gani, akalia tu.

Mama alitafuta. Alikwenda Bunyakiri mwenyewe wakati watu wanamwambia asiende. Alipita Lwiro, Kalehe, akiuliza kwenye masoko, kwa masista, kwenye madispensari. Mjini tulikwenda parke, kwa wale wanaosikiliza mashitaka. Bwana mmoja alikuwa anakula karanga juu ya meza. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, hilo nimpe, halafu akasema: “Maman, mu hii vita yote, wewe uko natafuta mutu moja?”

“Ndiyo, papa. Ni moja nilipoteza.”

“Na unafikiri ni bwana yake?”

“Sifikiri. Nauliza.”

“Utapata maiti, utarudia. Bila maiti, mimi niandike nini?”

Alitupa karanga kidogo tukitoka. Nafikiri alituhurumia kweli.

Vita vilikuwa jibu la kila kitu siku zile. Mtu akikosekana, ni vita. Nyumba ikiungua, vita. Nami sisemi havikuua, viliua mno. Lakini mtu akiwa na kifo chake cha kuficha, angekiweka wapi kama si humo, kati ya vifo vingine? Hilo nalifikiri, kisha naona aibu, kwa sababu kama shemeji hana kosa basi mimi namuua kila siku kichwani mwangu.

Mtoto alibaki kwake. Ni haki ya baba, mahari ilitolewa. Tulimwona mara mojamoja, na tangu yule mwanamke mpya aingie, haba zaidi. Yule mwanamke hana kosa. Wanasema anamfulia mtoto nguo na kumsuka. Ila mama yangu amekuwa mtu wa kuuliza kila anayetoka upande ule: “Amekua? Anafanana na nani?”

Sasa nirudi leo.

Saloni ilikuwa imepangwa, vilauri juu ya meza, baba mdogo amevaa koti. Mama na mimi tulikuwa jikoni, maharagi kwenye ungo, bado hayajachaguliwa. Basi kutoka kule chini kwenye bomba sauti ikaita:

“Muko?”

Mama aliacha mwiko ukaanguka kwenye majivu. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikwenda mlangoni kuchungulia. Alikuwa mtoto. Hakuna mtu aliyemfundisha, mama yake alipotea yeye akiwa hajatimiza miaka minne. Lakini sauti ilikuwa ile ile, ya kupanda mwishoni.

Walipanda watatu. Shemeji mbele na suruali imekunjwa, katekista wa kwao nyuma yake na mwavuli, na mtoto mwisho, ameinama chini ya bidoni. Wanaume waliingizwa saloni. Mtoto akaja jikoni kama inavyotakiwa.

“Mama mudogo, unisaidie kushusha muzigo. Shingo inawaka.”

Nilishika bidoni kwa mkono mmoja na mugozi kwa mwingine. Vidole vyangu vikakuta kitu laini. Nilitua mzigo chini, nikaugeuza mugozi kwenye mwanga wa mlango. Kitambaa kilikuwa kimekuwa cheusi kwa moshi na jasho. Nikakikwangua kwa ukucha. Chini ya weusi, buluu. Na uzi, nusu ya mzunguko, mwekundu.

Mama alikuwa amekwisha kumketisha mtoto karibu ya moto, anamshika masikio, mabega, magoti, kama mtu anayenunua. “Umekula? Unasoma? Meno hii imetoka lini?” Mtoto anacheka. Alivuta ungo akaanza kuchagua maharagi bila kutumwa. Mama akapata sababu ya kumwangalia, akamwangalia, mpaka baba mdogo akamwita mama saloni kwa salamu.

Nikachuchumaa. “Hii mugozi ulipata wapi?”

“Ku jikoni ya kwetu. Maman alikuwa nafagia, akaikuta chini, kule nyuma ya magunia ya makala ya zamani. Akasema iko nguvu bado, nitachotea maji.” Maman aliyemtaja ni yule mwanamke mpya.

“Lini?”

“Kisha Pasika. Iko na kakitambaa, haikwaruzi.”

“Papa yako aliiona?”

“Papa?” Alicheka kabisa, akanitazama kama mimi ndiye mtoto. “Papa anaangaliaka mugozi?”

Ni kweli. Mwanaume wa huku anajua redio yake, anajua kikwembe cha mke wake, labda na viatu. Mugozi hauangalii. Hajawahi kuufunga, hajui kwamba kila mwanamke ana wake, kwamba unajikunja kufuata kichwa kimoja, na kwamba hatuazimani isipokuwa kwa shida kubwa. Kwake ni kamba. Angeiona kila asubuhi kwenye paji la mtoto wake asione kitu.

Saloni baba mdogo alianza kupaza sauti. “Ba mama! Hiyo kasiksi iko nakuja na miguu toka Kabare?” Katekista akacheka. “Mimi sina maneno mingi leo, koo tu ndiyo iko na maneno!”

Nilikaa na ule mugozi mkononi. Nilifikiri: labda ni mwingine. Mshono wangu ni wa masista, na masista walifundisha nusu ya wasichana wa Kadutu. Sketi za buluu tulizivaa wote. Uzi mwekundu nani hana? Nilifikiri pia: nikinyamaza, leo baba mdogo atakunywa, shemeji atafurahi, na huyu mtoto atakuja kwetu. Nilijua hivyo kwa sababu kupitia ukuta wa mbao nilikuwa nasikia shemeji akisema kwa sauti ya chini, sauti nzuri:

“Maman, mimi sikuje kumusahau. Nimekuja tumalize. Mukisema ndiyo kwa padri, mutoto atakuwa anakuja huku kila vakansi, masomo ikifungwa. Noeli yote atafanyia hapa. Naapa.”

“Kanisa haiombi mambo mingi,” katekista akaongeza. “Neno moja tu, maman. Alikufa. Hata yeye, roho yake itapumzika.”

Nilisikia kiti cha mama, kisha hatua zake. Aliingia jikoni kuuliza kwa nini pombe inachelewa. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa ya Noeli. Niliona kabisa alikuwa anakwenda kukubali.

Nikamkabidhi mugozi.

Hakuutazama mshono kama mimi. Aliuinua mpaka puani, akafumba macho, akavuta pumzi, akavuta tena.

“Moshi tu,” akasema. “Inanuka moshi tu.”

Mtoto alikuwa anachagua maharagi, mawe anayatupia kuku mmoja mmoja. Mama alimwangalia muda mrefu kuliko alivyouangalia mugozi. Kisha akauzungushia mkono wake, akaingia saloni, nami nikafuata mikono mitupu.

Alikaa. Akamwita shemeji papa, kama anavyomwita siku zote, kwa heshima.

“Papa. Ile siku ulikuja kutuambia, ulisema alifunga mugozi yake akatoka.”

“Ndiyo, maman.”

“Ulimuona na macho?”

“Nilimuona. Alisimama ku mulango, akafunga mugozi kwa kiuno.”

“Gani?”

“Gani namna gani? Mugozi, maman. Mugozi iko mugozi.”

Mama akauweka mezani, katikati ya vilauri. Shemeji akautazama. Hapa nataka kuwa mwangalifu sana, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake na hakuna mwingine atakayeandika. Aliutazama kama mtu anayeonyeshwa kitu cha nchi ya mbali. Hakuutambua. Yaya alilia juu ya ule mugozi kwa sababu ya mkono wake, na yeye hakuutambua. Ilibidi aambiwe.

“Ni yake,” nikasema. “Nilishona mimi. Mutoto amekuja nayo leo. Iliokotwa mu jikoni yenu, nyuma ya makala.”

Ndipo uso wake ukabadilika. Ulibadilika namna gani, siwezi kuapa. Unaweza kuwa woga. Unaweza kuwa ule mshituko wa mtu asiye na kosa anayeona mlango unamfungia. Nimejiuliza jioni yote.

“Labda alikuwa na mbili,” akasema.

“Labda,” mama akasema.

“Labda aliazima ya mwenzake. Ile yake alikosa, ilianguka kule nyuma, akaazima. Mimi niliona mugozi, maman. Niliona mugozi kwa kiuno.”

“Inawezekana, papa. Sikatai. Lakini padri hataniuliza inawezekana.”

Katekista alianza kukunja mwavuli ambao ulikuwa umekunjwa tayari. Mama aliendelea, polepole, hakupaza sauti hata kidogo:

“Nitakuja kwa padri. Nitamuambia yenye najua. Mutoto yangu alitoka hapa muzima, nilimushika mukono, mukono ilikuwa moto. Kisha pale, wewe ndiye ulikuwa naye. Mimi sitafuti kukufunga. Nani atakufunga mu hii muji leo? Natafuta pahali yenye analala. Kama ni mu pori, sawa. Kama ni karibu, sawa. Uniambie hata kwa kutuma mutu, hata bila jina. Nitakwenda pale na jembe yangu, sitasema kwa mutu.”

Mvua iliyobaki kwenye mabati ilikuwa inadondoka kwenye sufuria nje. Shemeji aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka. Nayaandika machozi kwa sababu yalikuwepo, hata kama sijui yalikuwa ya nini.

“Sijue, maman,” akasema. “Nakuapia, sijue.”

Sasa wote tukamwangalia baba mdogo, kwa sababu kilauri cha kwanza ni chake. Ni mtu apendaye kasiksi kuliko misa, hilo Cimpunda yote inajua. Alikitazama kilauri chake kitupu. Akakigeuza, mdomo chini, akakiweka mezani bila kelele.

“Mimi leo tumbo haiko muzuri,” akasema.

Katekista alisimama akasema amani ya Bwana ibaki na sisi.

Pombe iliyokataliwa hailali kwenye nyumba iliyoikataa. Lazima irudi ilikotoka. Nilikwenda jikoni, bidoni ilikuwa vile vile, imejaa, sikuwa nimeifungua. Mtoto akasimama, akapangusa mikono kwenye gauni, akanyoosha shingo tayari kwa mzigo, akauliza mugozi uko wapi.

“Mugozi inabaki,” mama akasema.

Shemeji alikuwa amefika mlangoni. Alimtazama mama, akatazama bidoni, akamtazama mtoto asiye na kamba. Nilifikiri atakasirika. Hakukasirika, au kama alikasirika ilikuwa kwa ile namna yake isiyo na sauti. Aliinama akaishika mwenyewe kwa mkono. Bidoni iliyojaa si kitu cha kubeba kwa mkono kwenye mtelemko wetu siku ya mvua. Inagonga goti, inavuta bega, na kila hatua chache inabidi kuitua kwenye tope.

Mtoto hakutaka kuondoka. “Koko, maharagi sijamaliza,” akamwambia bibi yake.

“Nitamaliza mimi.”

“Noeli nitakuja?”

“Umuulize papa yako.”

Alimuuliza. Shemeji alihamisha bidoni kwenda mkono mwingine. Hakusema hapana, nimpe hilo. Hakusema ndiyo.

Tuliwaangalia wakishuka. Pale bomba wanawake walikuwa kwenye mstari na ndoo zao, na mwanaume anayebeba kasiksi iliyojaa kurudi nayo, kila mtu anajua maana yake. Walisogeza ndoo kumpisha. Kisha mmoja akashindwa kujizuia:

“Eh, papa! Tukukopeshe mugozi?”

Wakacheka wote. Hawakujua walichokuwa wanasema. Mimi nilijishika mdomo, na nakiri sijui nilikuwa nazuia kicheko au nini. Yeye alipita akiwa ameinamisha kichwa. Mtoto nyuma yake alikuwa anajisugua paji la uso pale mkanda ulipokuwa. Alipofika kwenye kona aligeuka, akapunga mkono, akaita kitu, upepo ukachukua maneno.

“Tuko,” mama akajibu. Hakuita kwa nguvu. Alisema kama mtu anayejibu ndani ya nyumba.

Tuliporudi ndani baba mdogo alikuwa amevua koti. Alimwambia mama, bila kumtazama: “Zile mara mbili, ningejua...” Mama akamwambia akae, chakula kitachelewa.

Sasa naandika na mugozi uko hapa kando yangu. Mama hataki kuufua. Alitaka kuutundika saloni, kisha akasema hapana, akautundika jikoni nyuma ya mlango, kisha akautoa huko tena na kuniletea. Kesho kutwa tutakwenda kwa padri. Nimejaribu kupanga nitakachosema, na kila ninapokipanga kinakuwa kidogo: nilishona kitambaa, kimerudi, yaya hajarudi. Kama alikuwa na mugozi mwingine nisioujua, basi leo tumemwaibisha mtu mbele ya bomba na tumejikosesha mtoto bure. Kama hakuwa nao, basi hakufika kwenye malori. Hapo nasimama, siwezi kwenda mbele zaidi ya hapo, na sitaki kuandika nisichokijua.

Kitu kimoja tu ninakijua leo ambacho jana sikukijua. Kwa miaka yote hii, nikimwona yaya kichwani nilikuwa namwona kwenye barabara, ndani ya msitu, anakimbia. Leo nikifumba macho simwoni tena kule. Namwona anautafuta mugozi wake jikoni, anainua magunia, anasema kwa hasira yake ya kuchekesha: nani alichukua shule yangu? Nataka kumwambia uko hapa, yaya, uko kwangu.

Jioni tulikula bugali na maharagi. Mama alimalizia kuchagua mwenyewe kama alivyoahidi, lakini alipofika kwenye fungu ambalo mtoto alikuwa amekwisha kulichagua hakuligusa, alilimimina sufuriani vile vile. Hatukukuta jiwe.